CHUMBA CHA DEREVA: HISTORIA YA KELELE, JOTO NA BARIDI KATIKA BARABARA YA TUKUYU



Kila tukutanapo katika sherehe zetu, mazungumzo ya jioni hayakosi kufika barabarani. Mmoja atakumbusha jinsi tulivyorudi shuleni baada ya likizo, tumekaa juu ya magunia na masanduku yetu ya mbao nyuma ya lori. Mwingine ataeleza matope ya masika na saa tulizotumia kusukuma gari. Lakini katika masimulizi hayo yote yupo mtu mmoja atajwaye kwa nadra, naye ni dereva. Sisi tulikuwa nyuma tunalowa, yeye alikuwa mbele chini ya bati, nasi tukadhani kwamba anastarehe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Makala haya yanakusudia kueleza habari za chumba kile kidogo cha mbele, ambacho madereva wenyewe hukiita kebini. Nitaeleza jinsi kilivyotengenezwa zamani, jinsi watu walivyojaribu kuzuia kelele, joto na baridi visiingie ndani yake, na kwa nini jambo hilo latuhusu hata leo, wakati ambapo wageni hupita Tukuyu katika magari waliyoyageuza kuwa nyumba za kulala.

BARABARA YENYEWE

Hebu kwanza tuikumbuke barabara. Msafiri atokaye Mbeya huiacha njia kuu pale Uyole, akapanda kuelekea Isongole, mahali ambapo barabara hufika zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo huteremka hadi Kiwira, akafika Tukuyu, kisha akaendelea kuteremka kupita Ushirika mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ardhi iko meta 500 hivi tu. Kwa mwendo wa saa chache mtu hutoka katika baridi ya kuvaa koti akaingia katika joto la kuvua shati. Aendaye juu hupata kinyume chake, na tena injini yake hunguruma kwa gea ndogo muda mrefu bila kupumzika.

Pamoja na hayo iko mvua. Sote twajua kwamba wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Katika sehemu zake nyingi hunyesha zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo ituletayo ndizi, chai na kahawa, na ndiyo hiyo hiyo inayopiga bati la gari kama ngoma, ikaingia katika kila ufa na kuozesha kila kitu kisichokauka. Kwa hiyo dereva wa barabara hii amekuwa na maadui wote kwa pamoja: baridi, joto, maji na kelele. Si barabara nyingi zinazompa mtu wote wanne katika safari moja.

NYUMBA YA MIANZI NA PAA LA BATI

Yafaa ikumbukwe kwamba watu wa nchi yetu walijua kuzuia baridi na kelele muda mrefu kabla ya gari kufika. Mskochi Joseph Thomson alipopita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba alizozikuta. Kuta zake zilikuwa za mianzi na udongo, na mapaa yalikuwa ya nyasi. Ukuta wa udongo ni mzito, nao uzito huzuia sauti. Paa la nyasi limejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia huzuia joto lisitoke usiku wala lisiingie mchana. Mvua ikinyesha juu ya nyasi haisikiki ila kama mnong'ono. Tena moto uliowaka ndani ulitoa moshi uliokausha paa kila siku, lisioze mapema. Hayo ni mambo matatu: uzito, hewa iliyotulia na ukavu. Msomaji ayashike moyoni, kwa kuwa tutayarudia.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Rungwe, na miaka michache baadaye Wajerumani wakajenga boma lao Tukuyu, wakaliita Neu-Langenburg. Kwa muda wa miaka iliyofuata nyumba za matofali na mapaa ya bati zilienea. Bati lilikuwa maendeleo ya kweli, maana halivuji wala haliungui upesi. Lakini lilileta hasara ambayo kila aliyesoma katika wilaya hii anaijua. Ni nani kati yetu asiyekumbuka mwalimu aliyelazimika kuweka chaki mezani na kungoja, kwa sababu mvua ilikuwa ikipiga bati na hakuna aliyesikia neno? Bati ni jembamba na gumu. Likipigwa hutetemeka lote, na mtetemo ndio sauti yenyewe. Mahali palipowekwa dari chini ya bati, somo liliendelea.

Basi kebini ya gari ni nini, kama si chumba kidogo chenye bati pande zote, kisicho na dari, na ndani yake pamewekwa injini?

MALORI YA KWANZA

Malori ya kwanza yaliyofika katika nyanda zetu za juu katika miaka ya 1920 na 1930 hayakuwa na kebini kama tuijuavyo leo. Mara nyingi chesisi ililetwa kutoka ng'ambo ikiwa na injini, boneti na usukani tu, na sehemu iliyobaki ikajengwa hapa Afrika Mashariki na maseremala. Dereva alikalia benchi la mbao, paa lake lilikuwa mbao au turubai, na mara nyingi milango haikuwa na vioo. Mbao hazipigi kelele kama bati, lakini upepo ulipita ulivyotaka. Dawa ya baridi ilikuwa koti zito na blanketi kiunoni.

Hata hivyo kazi ilikuwa nyingi. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, yaliajiri maelfu ya watu katika miaka ya 1930, na watu hao walihitaji chakula. Mchele wa bonde la Kyela ulipata soko huko. Chai, ambayo ilianza kulimwa kibiashara Tanganyika mwaka 1926, iliongeza safari, maana majani mabichi ya chai hayangoji: hayana budi kufika kiwandani upesi baada ya kuchumwa. Kwa sababu hiyo lori la chai hutembea katika mvua na ukungu, njia iwe njema iwe mbaya. Wanaojua njia za Katumba na Mwakaleli wananielewa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kebini za chuma zilienea. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, madini mepesi yasiyopata kutu kama chuma, lakini yanayovuma sana yakitikiswa. Gia boksi yake iko katikati chini ya miguu ya wakaao mbele, hivyo joto na mlio wake huingia moja kwa moja. Katika malori, Bedford aina ya TJ yenye pua ndefu ilitokea mwaka 1958 na kujulikana sana katika nchi zetu. Huko injini ilikuwa mbele ya dereva, na kati yao palikuwa na bati moja tu lenye matundu ya kupitisha nyaya na fito za pedeli. Katika malori yasiyo na pua mambo yalikuwa magumu zaidi: mara nyingi injini iliwekwa ndani ya kebini yenyewe, kati ya dereva na utingo, ikafunikwa kwa kifuniko cha chuma. Kifuniko hicho kilikuwa meza, kilikuwa jiko la kupashia chai, na kilikuwa adui wa sikio la kushoto la dereva.

NJIA YA ZAMBIA

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia. Zambia, ambayo ilikuwa ikipitisha karibu mizigo yake yote kusini, ikahitaji njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam kupita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Wakati ule sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo, na kwa ajili ya ajali zake ikaitwa Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, yenye malori ya Fiat kutoka Italia. Mapipa ya mafuta yalikwenda Zambia, shaba ikarudi pwani.

Barabara hiyo haipiti Tukuyu, lakini ilipita mlangoni petu pale Uyole, na vijana wa wilaya yetu hawakukosekana katika kazi ya udereva na utingo. Safari ilichukua siku nyingi. Dereva aliendesha ndani ya kebini, alikula ndani ya kebini, na usiku alilala humo humo, ama juu ya viti ama chini ya lori. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba hao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi yetu kufanya gari kuwa makazi. Tofauti yao na watalii wa leo ni kwamba wao hawakuwa na hiari.

Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilifunguliwa, lami ikaendelea kutandikwa hadi miaka ya mwanzo ya 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Mambo yakawa nafuu. Historia imeandika sana juu ya bomba, lami na reli, na kwa haki. Haikuandika juu ya masikio ya waliobeba mafuta kabla ya bomba.

KELELE HUINGIAJE?

Tuiache historia kidogo tuingie katika somo la fizikia, ambalo baadhi yetu tulilikimbia darasani.

Kelele huingia katika kebini kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: sauti ya injini hupenya katika matundu, nyufa za milango na mabati membamba. Ya pili ni mtetemo: injini, ekzosi na magurudumu hutikisa chesisi, chesisi hutikisa bati la sakafu, na bati hilo likawa spika. Dawa ya njia moja siyo dawa ya nyingine, na hapo ndipo watu wengi walipopoteza fedha zao.

Sauti ya hewani huzuiwa kwanza kwa kuziba matundu. Tundu dogo lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Ukuta ulio wazi kwa sehemu moja tu katika mia, hata kama sehemu iliyobaki ni nzito kama ngome, hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi. Baada ya kuziba ndipo uzito unapofanya kazi: kila ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, sauti ipitayo hupungua kwa kadiri ya desibeli 6. Mtetemo nao huzuiwa kwa kubandika juu ya bati kitu kizito chenye kunata na kunepa, kama vile lami au mpira, ambacho hula nguvu ya mtetemo na kuigeuza kuwa joto kidogo. Si lazima kufunika bati lote. Kipande kilichobandikwa katikati ya bati kubwa, mahali linapovuma zaidi, hufanya kazi nyingi.

Joto na baridi ni habari nyingine. Hizo huzuiwa na hewa iliyotulia. Sisi wa Rungwe tunao mfano mzuri chini ya miguu yetu. Milima yetu ni ya volkano, na katika udongo wetu yamo mawe mepesi ya pumisi yaliyojaa vitundu vya hewa, hata mengine huelea majini. Jiwe la namna hiyo huzuia joto vizuri sana. Lakini kwa kuwa ni jepesi, haliwezi kuzuia sauti kama jiwe zito la ukubwa ule ule. Ndivyo ilivyo kwa sponji na pamba: vikiwekwa peke yake juu ya bati huzuia baridi, hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini mngurumo wa injini huvipita kama upepo upitavyo katika chandarua.

Kwa kifupi, kitu kizito ni cha kelele, kitu chepesi chenye hewa ni cha baridi, na vyote viwili havina maana kama matundu yapo wazi. Ukuta wa udongo na paa la nyasi vilikwisha kutufundisha hayo.

TREKTA NA KOMBI

Wenzetu wa Ulaya nao walijifunza kwa taabu. Uingereza, wakulima wengi walikuwa wakifa matrekta yakipinduka, hivyo sheria ikaamuru kwamba kuanzia mwaka 1970 matrekta mapya yawe na kebini imara. Vifo vilipungua. Lakini kebini zile za kwanza zilikuwa masanduku ya bati yaliyofungwa juu ya trekta, nazo zikavuma kama ngoma, hata mkulima aliyeokoka kupondwa akawa anapoteza masikio. Ikabidi sheria nyingine itungwe: kuanzia Juni 1976 kelele katika sikio la dereva wa trekta jipya isizidi desibeli 90. Ndipo watengenezaji wakaanza kuweka mipira chini ya kebini, kuziba sakafu na kutandika vitu vizito. Hapo tunaona jambo kubwa: elimu ilikuwapo zamani, lakini kazi haikufanyika mpaka sheria iliposema.

Kwa upande mwingine walikuwapo watu waliofanya kazi hiyo bila sheria, kwa sababu ya starehe. Volkswagen walianza kutengeneza Kombi mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuuza vifaa vya kuigeuza iwe nyumba ya kambi, yenye kitanda na kabati. Huko Folkestone, Uingereza, kampuni ya Martin Walter iligeuza magari madogo ya Bedford kwa jina la Dormobile. Jina la Bedford lile lile lililokuwa juu ya boneti ya malori yetu, kule lilipambwa kwa mapazia na mito.

Kombi yenyewe ilikuwa na tabia ya ajabu. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo dereva wake hasumbuliwi na joto wala mlio kama wa lori. Lakini hewa ya moto ya kumpasha hulazimika kusafiri katika mabomba marefu kutoka nyuma hadi mbele, ikifika imekwisha kupoa. Dereva wa Kombi aliyepita Isongole asubuhi ya Julai alitetemeka, hali aliyelala nyuma alikuwa na joto. Ndiyo maana wenye magari hayo walianza kutandika zulia zito mbele, kujaza milango kwa vitu vya hewa na kutundika pazia nene nyuma ya viti vya mbele.

MIAKA YA UHABA

Turudi nyumbani. Kuanzia mwaka 1979 hadi katikati ya miaka ya 1980 nchi yetu ilipita katika shida kubwa ya uchumi. Fedha za kigeni hazikutosha, vita vya Kagera vilikuwa vimegharimu mengi, na vipuri vilikuwa adimu kama mvua ya Dodoma. Gari lililofika likiwa na mkeka wa mpira sakafuni na raba nzuri milangoni, baada ya miaka michache vitu hivyo vilichakaa na havikupata badala.

Hapo ndipo ufundi wa kujitegemea ulipoonekana. Gunia la katani lilikunjwa mara nne likatandikwa chini ya miguu. Mpira wa tairi bovu ulikatwa ukawa mkeka wa sakafu, na ule wa tyubu ukawa raba ya mlango. Blanketi kuukuu lilifungwa juu ya kifuniko cha injini, na matundu ya fito yakazibwa kwa matambara. Viti vilivyochanika vilijazwa sufi au makumbi ya nazi. Kwa kipimo cha fizikia tuliyoieleza, mafundi hao walikuwa wamepatia sana: mpira wa tairi ni mzito na hunepa, gunia limejaa hewa, na tambara limeziba tundu.

Lakini mambo mawili hayakuwa salama. La kwanza ni moto. Blanketi lililolowa mafuta ya injini juu ya chuma cha moto halihitaji kiberiti. La pili ni maji. Gunia likilowa halikauki upesi katika hali ya hewa ya Tukuyu, na chini yake bati la sakafu huliwa na kutu kimya kimya, mpaka siku utingo anapoona barabara kati ya miguu yake. Paa la nyasi lilikuwa na moshi wa kulikausha. Gunia la kebini halikuwa na kitu.

NYUMBA ZA MAGURUDUMU

Biashara ya kuingiza bidhaa ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kwa wingi, hasa katika miaka ya 1990 na baada yake. Toyota HiAce, ambayo ilitokea kwanza Japani mwaka 1967, ikawa gari la abiria la nchi nzima. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, na abiria anayepewa nafasi hiyo kwa heshima hufika Kyela ameiva.

Sasa HiAce na magari ya namna hiyo hugeuzwa kuwa nyumba za safari, na wageni wanaotoka Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu huonekana Tukuyu wakinunua ndizi na parachichi. Baadhi ya vijana wetu nao wameanza kuuliza juu ya kazi hiyo. Kwa faida yao nitaeleza utaratibu ulio sahihi, maana siku hizi vifaa vipo madukani.

Kwanza toa viti na zulia la mbele, safisha bati, ondoa kutu na upake rangi. Pili ziba kila tundu la bati linalotenganisha injini na dereva. Hiyo si kwa kelele tu, bali pia kwa moshi wa ekzosi, ambao huua mtu akiwa usingizini bila harufu ya kumwamsha. Tatu bandika vipande vya mpira wa lami au butili juu ya sakafu, ndani ya milango na juu ya kifuniko cha injini, ukikandamiza vizuri pasibaki hewa. Nne tandika sponji ya vitundu vilivyofungwa, yaani ile isiyonywa maji, kisha juu yake mkeka mzito. Tano badilisha raba za milango. Karibu na ekzosi na injini tumia vitu visivyoshika moto tu. Asibesto, ambayo zamani ilitumika sana mahali pa moto, isiguswe kabisa, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani.

Jambo la sita ni la nchi yetu hasa. Watu wawili wakilala ndani ya gari, pumzi zao hutoa mvuke. Mvuke huo ukigusa bati la baridi hugeuka maji, na asubuhi paa hudondosha matone kama kwamba mvua imenyesha ndani. Kwa hiyo acha upenyo wa hewa juu, na usizibe vile vitundu vya chini ya milango, maana vimewekwa ili maji ya mvua yatoke. Mwenye kuvisahau amejenga birika.

Tena kusiwe na tamaa ya kunyamazisha kila kitu. Dereva anayeteremka kutoka Isongole hana budi kusikia injini yake, breki zake na honi ya mwenzake katika ukungu. Kusudi ni kupunguza mngurumo unaochosha, siyo kumfanya kiziwi wa hiari.

MASIKIO YA WATU

Hilo neno kiziwi ndilo lililonifanya niandike. Baba yangu mdogo aliendesha malori kwa zaidi ya miaka ishirini kwa mwajiri mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Alistaafu akiwa na nguvu za mwili, lakini watoto walizoea kumgusa bega kabla ya kusema naye. Katika kikao cha ukoo alicheka wengine walipocheka, bila kujua kilichosemwa, na hatimaye akaacha kuja vikaoni. Watu wakasema ana kiburi. Hakuna aliyempima masikio alipoanza kazi wala alipoiacha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha kilichopotea, na hakulipwa kitu.

Elimu ya jambo hili haina siri. Wataalamu wa usalama kazini husema mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu: desibeli 88 ni saa nne, desibeli 91 ni saa mbili. Asiye na kipimo atumie hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, mahali hapo pana hatari. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi, na haliumi linapoharibika. Ndiyo maana halina mtetezi.

Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mkataba juu ya hewa chafu, kelele na mitetemo kazini. Nchi yetu ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 2015. Kwa hiyo njia zipo ambazo baba mdogo hakuwa nazo. Lakini madereva wangapi wa magari ya abiria na ya chai wamewahi kupimwa masikio? Na matajiri wangapi wanaopaka gari rangi mpya kila mwaka wamewahi kubadilisha raba ya mlango wa dereva?

Ndugu zangu, tukiitazama historia hii yote, jambo moja laonekana wazi. Ujuzi wa kutuliza chumba cha dereva haukukosekana wakati wowote. Ulikuwapo katika nyumba ya mianzi, ulikuwapo katika gunia na mpira wa tairi, na leo umo madukani. Kilichokosekana ni kumhesabu dereva kuwa mtu anayeishi ndani ya chumba kile. Anayegeuza gari liwe nyumba hutandika, huziba na hupamba, kwa sababu atalala humo mwenyewe majuma machache. Aliyelala humo miaka ishirini ili sisi tupate mchele, mafuta na masomo, aliachiwa bati tupu.

Kati yetu wapo wenye magari, wapo wakuu wa idara, wapo waganga na walimu. Mwenye gari na aanze na mkeka mzito na raba za milango. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tairi. Mganga na ampime dereva masikio kila mwaka, aandike, na karatasi itunzwe. Mwalimu na awaeleze vijana kwa nini bati huvuma. Na sisi sote, tunapokuja katika sherehe zetu kwa gari, tukumbuke kumwalika dereva mezani, naye akae pale ambapo ataweza kusikia.